Mjamzito Tunduma: Ultrasaundi ya kujua jinsia haitoshi, haya ndiyo yanayoonyesha mtoto yuko salama

Pale mpakani Tunduma, malori yakiwa kwenye foleni ya kuingia Zambia, karibu kila mtu yuko mbioni. Wabadilisha fedha, mama ntilie, vijana wa bodaboda, wanawake wanaovuka kwenda Nakonde asubuhi na kurudi jioni na mzigo. Miongoni mwao wapo wajawazito, na kwao siku ya kliniki ni siku ya biashara iliyolala.

Ndiyo maana stori ya aina hii si ngeni. Mimba imefika miezi saba, mama anakwenda kupiga ultrasaundi, anaambiwa ni wa kike au wa kiume, anarudi nyumbani na picha kwenye simu. Kichwani mwake, vipimo vimeisha.

Shida ni kwamba kwa miezi saba, mengi ambayo mashine ile ingeonyesha vizuri yameshapita muda wake. Na yapo mengine ambayo ultrasaundi haiyaoni kabisa. Hayo huonekana kwenye mashine ya presha, kwenye kikopo cha mkojo, na kwa mama mwenyewe anayejua mtoto wake anachezaje tumboni.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 65 ya wajawazito nchini walihudhuria kliniki mara nne au zaidi. Ni hatua kubwa ukilinganisha na asilimia 51 ya utafiti wa 2015/16. Lakini utafiti huohuo wa 2022 ulikuta bado watoto 24 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai wanafariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2016 linapendekeza mahudhurio manane, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12.

Mimba ina wiki ngapi? Swali linaloamua mengine yote

Nesi akimuuliza mama tarehe ya hedhi ya mwisho, hajazi fomu tu. Tarehe hiyo ndiyo inayohesabu umri wa mimba, na umri wa mimba ndio unaosema kama mtoto anakua vizuri au amedumaa, kama uchungu umeanza mapema au kwa wakati.

Sasa, wengi hawaikumbuki. Mwingine alikuwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango na hedhi ilikuwa inakuja ikijisikia. Mwingine alikuwa ananyonyesha, akashika mimba nyingine kabla hata hedhi haijarudi. Hapo tarehe inakuwa ya kukisia.

Ultrasaundi ya mapema inamaliza ubishi huo. Katika miezi mitatu ya kwanza, watoto wote hukua kwa kasi inayokaribiana sana, kwa hiyo mtaalamu akipima urefu wa mtoto kutoka utosini hadi makalioni, anaweza kutaja umri kwa kukosea siku 5 hadi 7 tu. Baadaye watoto wanaanza kutofautiana, kama watu wazima wanavyotofautiana, mmoja mnene na mwingine mwembamba. Ukipima katika miezi mitatu ya mwisho, kosa linaweza kufika wiki 3.

Wiki 3 si kitu kidogo. Mama anayedhaniwa ana wiki 41 anaweza kuanzishiwa uchungu kumbe ana 38. Mwingine anadhaniwa ana wiki 37, uchungu ukianza anaambiwa ni kawaida, kumbe mtoto ana wiki 34 na ni njiti anayehitaji kituo chenye uwezo wa kumtunza.

Hii ndiyo sababu WHO linashauri kila mjamzito apate angalau ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Moja tu inatosha kwa mimba isiyo na shida, ila iwe ya mapema.

Ultrasaundi inaona nini, haioni nini

Mashine hii haitumii mionzi kama eksirei. Inatuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, yanagonga mwili wa mtoto na kurudi, kompyuta inayageuza kuwa picha. Daktari wa Uskoti, Ian Donald, na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za kwanza za aina hii mwaka 1958, baada ya kuazima wazo kwenye vifaa vya viwandani vya kutafuta nyufa ndani ya chuma.

Katika wiki za mwanzo inaonyesha kama mimba imetunga ndani ya mfuko wa uzazi au nje, kama ni mapacha, na kama moyo unapiga. Mimba iliyotunga nje ikijulikana mapema, mama anaokolewa kabla mrija haujapasuka.

Kati ya wiki 18 na 22 ndipo viungo vinapoonekana vizuri: kichwa, uti wa mgongo, moyo, tumbo, figo, mikono na miguu. Hapa ndipo mtaalamu mzoefu anaweza kuona kichwa kikubwa chenye maji au mgongo wazi.

Inaonyesha pia kondo la nyuma limekaa wapi. Kondo likiwa limeziba mlango wa uzazi, mama anaweza kutoka damu nyingi sana ghafla. Mara nyingi kondo linaloonekana liko chini kwenye wiki ya 20 hupanda lenyewe mfuko unavyokua, kwa hiyo mama anaambiwa arudi kupimwa tena karibu na wiki 32. Kwa anayeishi Tunduma mjini, habari hiyo inamaanisha kuwa makini. Kwa anayeishi Kamsamba, bondeni huko kuelekea Ziwa Rukwa, inamaanisha kuhama kabisa wiki za mwisho na kukaa kwa ndugu aliye karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu.

Ila kuna mtego. Picha ni nzuri kulingana na jicho la anayeisoma na ubora wa mashine. Karatasi iliyoandikwa "mtoto mzima" haimaanishi kila kitu kimekaguliwa. Kipimo cha dakika tatu cha kutafuta jinsia si sawa na kipimo cha kukagua viungo. Mama ana haki ya kuuliza: mmeangalia uti wa mgongo? Kondo liko wapi? Maji ya uzazi yanatosha? Mtoto ametanguliza nini?

Vipimo vya bei ndogo vinavyodharauliwa

Kwa sera ya Serikali, huduma za wajawazito katika vituo vya umma ni bure, ingawa si kila kituo kina kila kitu na si ajabu mama kuambiwa akafanye kipimo fulani nje. Lakini yafuatayo yanawezekana hata kwenye zahanati ya kijijini Ileje au Momba.

La kwanza ni presha. Presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi baada ya wiki 20, na mkojo ukawa na protini, hiyo ni dalili ya hali inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Inamgusa mtoto pia, kwa sababu damu inayopita kwenye kondo inapungua, mtoto anapata chakula na oksijeni kidogo. Mama anaweza asihisi chochote. Akihisi kichwa kinauma sana, macho yanaona maluweluwe, au maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, hapo si suala la kusubiri tarehe ya kliniki.

La pili ni futi kamba. Ndiyo, kama ile ya fundi cherehani. Kuanzia karibu wiki 24, urefu wa tumbo kutoka kwenye mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi huwa unakaribiana na idadi ya wiki: wiki 28, sentimita kama 28. Ikipungua kwa sentimita tatu au zaidi, huenda mtoto hakui vizuri au maji ni machache. Ikizidi, huenda ni mapacha, maji mengi, au mama ana kisukari cha mimba. Futi kamba haitoi jibu la mwisho, inasema tu nani apelekwe ultrasaundi haraka.

Hapa ndipo kadi la kliniki linapopata thamani yake. Kipimo kimoja hakisemi sana. Kinachosema ni mstari wa vipimo vitano au sita. Mfanyabiashara anayepimwa leo Tunduma, mwezi ujao Nakonde, na mwezi mwingine kwao Mlowo, bila kubeba kadi, anaanza upya kila mara. Kupiga picha kurasa za kadi kwa simu na kuzihifadhi ni kazi ya dakika moja.

Kisha kuna damu. Wingi wa damu, kundi la damu, VVU, kaswende, malaria. Kaswende inastahili kutajwa peke yake: inaweza kumuua mtoto tumboni bila mama kuonyesha dalili yoyote, na tiba yake ni sindano ya penisilini inayojulikana miaka mingi. Mama akitibiwa mapema, mtoto anakingwa. Mume asipotibiwa, inarudi. Katika mji wa njia kuu ambako watu wanaingia na kutoka kila siku, kipimo cha wenza wawili pamoja si cha kuoneana aibu.

Mama mwenye kundi la damu hasi naye ajulikane mapema, kwa sababu mtoto akiwa na kundi chanya, mwili wa mama unaweza kutengeneza kinga zitakazomshambulia mtoto wa mimba inayofuata. Ipo sindano ya kuzuia.

Mgongo wazi: kipimo kinachelewa, kinga inawahi

Wazazi wengi husikia maneno "kichwa kikubwa na mgongo wazi" mara ya kwanza kwenye chumba cha kujifungulia. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 baada ya mimba kutunga. Wakati huo mama wengi hata hawajui kama ni wajawazito, wanadhani hedhi imechelewa tu.

Kwa hiyo folik asidi inayotolewa kliniki kwenye mwezi wa nne inasaidia damu, lakini kwa mgongo wa mtoto imeshachelewa. Inayokinga ni ile iliyoanza kabla ya mimba, mikrogramu 400 kwa siku. Tanzania iliweka kanuni mwaka 2011 za kuongeza virutubisho, folik asidi ikiwemo, kwenye unga wa viwandani. Lakini Mbozi na Momba ni nchi ya mahindi. Familia nyingi zinapeleka debe lao mashineni mtaani, na unga wa pale hauna kilichoongezwa.

Mtu anaweza kuuliza: kama mtoto ana tatizo, kujua mapema kunasaidia nini? Kunasaidia kupanga pa kujifungulia. Mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji kidonda chake kifunikwe vizuri na afanyiwe upasuaji ndani ya siku chache za kwanza, kabla maambukizi hayajaingia. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ya Dar es Salaam ni moja ya sehemu zinazofanya upasuaji huo. Familia inayojua kwenye wiki ya 20 ina miezi minne ya kutafuta rufaa na nauli. Inayojua siku ya kujifungua haina hata saa.

Vipi vipimo vya vinasaba?

Mitandaoni vinatajwa sana, kwa hiyo vifafanuliwe kwa ufupi. Kimoja ni cha damu ya mama, kuanzia wiki ya 10: mwaka 1997 watafiti wakiongozwa na Dennis Lo walionyesha kuwa vipande vya vinasaba vya mtoto huelea kwenye damu ya mama, na leo vinatumika kukadiria uwezekano wa hali kama Down. Kingine ni kuchukua maji kidogo ya uzazi kwa sindano, kuanzia wiki ya 15, ambacho ndicho kinatoa jibu la uhakika lakini kina hatari ndogo ya mimba kutoka, chini ya 1 kati ya 100.

Hivi si vipimo vya kawaida katika hospitali za wilaya nchini, na gharama yake si ya mfuko wa kawaida. Uwezekano wa mtoto mwenye Down unapanda na umri wa mama: karibu 1 kati ya 350 akiwa na miaka 35, karibu 1 kati ya 100 akiwa na 40.

Kwa Mtanzania wa kawaida, kipimo cha kurithi chenye maana kubwa zaidi ni cha selimundu, na huhitaji hata mimba ili kukifanya. Inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu nchini kila mwaka. Baba na mama wakipima damu zao kabla, wanajua kama wote wawili wamebeba vinasaba hivyo. Kama ndiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa, na mtoto huyo akijulikana tangu kuzaliwa anaanzishiwa kinga na matibabu mapema.

Jambo moja la mkoa huu: katika wilaya ya Songwe, maeneo ya wachimbaji wadogo kama Saza na Mkwajuni, zebaki hutumika kukamatisha dhahabu. Mvuke wake ukichomwa huingia mwilini kwa mama, unapita kwenye kondo na kudhuru ubongo wa mtoto. Hakuna ultrasaundi itakayouonyesha. Mjamzito anayeishi na mchomaji dhahabu amwambie nesi, na uchomaji usifanyike nyumbani.

Mtoto ameacha kucheza, nifanyeje?

Hiki ndicho kipimo ambacho mama anacho saa 24. Kwa mimba ya kwanza, kucheza huanza kusikika karibu wiki ya 18 hadi 20. Waliokwisha kuzaa husikia mapema kidogo. Kufikia wiki ya 28 kila mtoto anakuwa na ratiba yake. Mmoja anasumbua usiku, mwingine mama akimaliza kula.

Hakuna idadi moja inayowafaa wote. Muhimu ni mabadiliko. Mama akihisi mtoto amepunguza, alale ubavu wa kushoto sehemu tulivu na kumsikiliza. Mwongozo unaotumika sana ni kwamba ndani ya saa mbili angalau ahesabu mara 10. Zisipofika, au hasikii kabisa, aende kituoni siku hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku.

Mtaani husemwa mtoto hupunguza kucheza mwishoni kwa sababu nafasi imekuwa finyu. Si kweli. Namna ya kucheza inabadilika, inakuwa kujinyoosha na kujigeuza zaidi kuliko mateke, lakini hapaswi kunyamaza. Kunywa soda baridi "kumwamsha" kunaweza kupoteza saa ambazo mtoto hana.

Na zile programu za simu zinazodai kusikiliza moyo wa mtoto kwa maikrofoni? Si vifaa vya tiba. Mara nyingi kinachosikika ni mapigo ya mama mwenyewe au kelele za tumbo. Mama anatulia, anaahirisha kwenda hospitali.

Kituoni, mkunga atatumia fetoskopu, lile bomba dogo kama tarumbeta lililobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, au kifaa cha betri cha dopla. Moyo wa mtoto hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Mkunga makini atashika na mkono wa mama wakati anasikiliza, kuhakikisha hasikilizi mapigo ya mama.

Wakati wa uchungu

Kila uchungu unapobana, damu ya kwenda kwa mtoto inapungua kwa muda. Mtoto mzima anavumilia. Aliyechoka moyo wake unaanza kushuka. Ndiyo maana mkunga anatakiwa kusikiliza angalau kila dakika 30, na kila dakika 5 mama akianza kusukuma, na kuandika kwenye patografu. Mkunga mmoja mwenye wanawake wanne wenye uchungu hawezi kuwa kila kitanda kwa wakati.

Tanzania ina mchango wake hapa. Kifaa kiitwacho Moyo, kinachofungwa tumboni kwa mkanda na kupiga kengele mapigo yakibadilika, kilitengenezwa na Laerdal Global Health ya Norway na kujaribiwa katika hospitali za Tanzania, Haydom ikiwemo. Baadaye kiliingizwa kwenye mpango wa Safer Births uliohusisha vituo 30 katika Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, pamoja na mazoezi ya kila wiki kwa wahudumu. Matokeo yaliyotolewa 2025, yakihusisha akina mama na watoto takriban 300,000, yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa karibu asilimia 40. Songwe haikuwa kwenye mikoa hiyo mitano.

Kwa upande wa ultrasaundi, habari inayofuatiliwa iko ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya wanawake 400 wa Lusaka na Chapel Hill, Marekani. Watu wasio na utaalamu wa ultrasaundi walipitisha kifaa kidogo cha mkononi tumboni, akili mnemba ikakadiria umri wa mimba, na usahihi ukalingana na wa wataalamu wenye mashine kubwa. Kifaa cha namna hiyo kikifika kwenye zahanati, nesi wa Kamsamba hatalazimika kumpandisha mama gari hadi mjini kwa ajili ya tarehe tu.

Kwa sasa, dharura ikitokea, namba ni 115. Ni ya mfumo wa m-mama, kupiga ni bure, na ukipiga unaunganishwa na kituo kinachotafuta ambulansi, au ikikosekana, dereva wa jamii aliyesajiliwa. Damu ikitoka, maji yakivuja kabla ya wakati, kifafa, au mtoto kunyamaza: zote ni sababu tosha ya kupiga. Kutoka Tunduma hadi Hospitali ya Wazazi Meta, Mbeya, ni zaidi ya kilomita 100, kwenye barabara ileile yenye foleni ya malori.